Mdomo wa Tarumbeta la Kabula

Jumapili, Bariadi

Viatu vya shule ukinunua vikubwa, unaweka karatasi mbele, mtoto anakua navyo. Mdomo wa tarumbeta, kile kipande cha kupulizia, hauwekwi karatasi, nami nilimnunulia Kabula mkubwa vilevile.

Leo binti yangu Kabula kapuliza mbele ya bendi ya kanisa mpaka machozi yakamtoka. Upepo mtupu. Mwalimu wa bendi akaniambia, "Baba Kabula, mdomo huu ni wa mtu mzima aliyezoea." Mdogo haupo hapa mjini, na Mwanza sijui nitaenda lini.

Nilimwambia mtoto kosa ni langu. Akaitikia tu, "Ndiyo, baba."

Jioni nikamsikia jikoni akimwambia mama yake, "Mayu, mimi sina pumzi."

Sketi ya bendi, niliyoinunua kubwa vilevile, kampa dada yake mkubwa. Imemkaa sawasawa.