Pini Niliyoichomoa Dalton Akinywa Kahawa

Shambani kwa Hruska,
S.L.P. 41,
Cherry County, Nebraska.

Jumanne, 14 Mei 2019

Mpendwa mjukuu wangu Corinne,

Hujambo, mama? Hattie naye hajambo? Lile jino limeshatoka au bado linamliza? Mimi sijambo, ni goti tu linalonisumbua hali ya hewa ikibadilika, na ng'ombe wamezaa vizuri kuliko mwaka jana. Wewe unakula? Usinijibu kwamba unakula. Kwenye ile picha uliyotuma mashavu yameingia ndani, na macho ninayo.

Kabla hujaendelea kusoma, igeuze bahasha uitazame. Nikimaliza kuandika nitaigundisha, kisha nitapitisha plasta juu yake mara mbili. Kama plasta imebanduliwa, basi posta yenu huko Idaho ina watu wa vidole virefu. Wala usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu yenu ni moja na anayo mumeo Dalton safarini, na haya ninayoandika yanamhusu yeye.

Unajua alikuja kuchukua pikapu ya babu yako Emil, na lile trela la kulala alilolipata kwenye tangazo. Mtaishi humo watatu akiwa kwenye kazi zake za minara ya umeme wa upepo. Sawa. Lakini mtalivuta kupita milimani, na Hattie amefungwa kwenye kiti cha nyuma. Hilo ndilo lililonitoa kwenye kiti changu.

Sikulipenda trela tangu lilipoingia getini. Mwuzaji alilileta mwenyewe, akashusha miguu ya mbele ya kulisimamishia, akaondoka mbio bila hata kuomba maji. Mtu mwenye mali safi hukaa kidogo akajisifu. Halafu ile rangi! Trela zima lina kutu na matope, lakini pale mbele, shingo inaposhikana na fremu, peusi na papya, mahali pa ukubwa wa sahani. Mtu anapaka rangi sahani moja kwa sababu gani?

Mumeo yeye hakuona rangi. Yeye alitoa bomba la chuma kwenye gunia, refu kama mkono wangu. Unakumbuka pikapu ya babu yako ina tufe la chuma katikati ya bodi, la kuvutia trela la ng'ombe. Shingo ya trela la ng'ombe inashuka yenyewe, kikombe chake kinalivaa lile tufe. Trela la kulala halina shingo ya hivyo. Lina msumari mnene, mfupi, wa kushikwa na bamba lenye taya, na bamba hilo sisi hatuna.

"Bibi, hili unalifunga kwenye msumari, chini linakalia tufe," akaniambia. "Dakika ishirini tu."

"Ishirini za kufunga. Na za kuzika je?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Msumari ukiurefusha hivyo umetengeneza mtaimbo. Kila akikanyaga breki, trela linasukuma, na mtaimbo unaing'oa fremu polepole. Shule niliacha darasa la sita, lakini mtaimbo naujua.

Nikamwita jirani yetu Milo Novotny, yule mchomeleaji. Akalala chini ya trela na kisu, akaikwangua ile rangi mpya. Chini yake ufa, mrefu kama kidole changu cha kati. Inaonekana aliyelivuta zamani naye alikuwa na bomba lake la dakika ishirini. Dalton akavua kofia, akaushika ule ufa kwa kidole.

Nitakuambia ukweli: nilimshuku yeye. Nilidhani alijua, akanyamaza kwa kuwa ana haraka. Siku mbili nilimtazama anavyokula, anavyokwepa macho, anavyoongea na simu nyuma ya ghala. Kumbe alikuwa anamtafuta yule mwuzaji amtukane. Sasa nasema hakujua. Hiyo si sifa! Asiyejua naye anaua watu vilevile.

Milo amechomelea upya na kuongeza bamba la chuma pande zote mbili. Lile bomba amelitupa kwenye vyuma chakavu. Msumari na kichwa chake chote vimetolewa, imewekwa shingo kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya tufe. Tumepita kwenye mizani ya ghala la nafaka, uzito unaoikalia pikapu ni ule inaoweza kuubeba. Kati ya tumbo la trela na kingo za bodi inabaki karibu shubiri, kwa hiyo hata barabara ikiwa mbaya havitagongana. Chuma sina wasiwasi nacho tena. Nilibaki na wasiwasi na mtu.

Sijui kama mama yako aliwahi kukuambia tabia ya babu yako. Yeyote aliyevuta trela kutoka uani hapa alifanyiwa. Ukishafunga kila kitu, Emil anakuita ndani unywe kahawa. Ukiwa ndani, yeye anatoka anachomoa kitu kimoja. Usipozunguka kukagua tena kabla ya kuwasha gari, huendi popote. Mimi alinifanyia mwaka tuliooana. Sikumsemesha siku tatu, na tangu hapo sijaondoka bila kuzunguka.

Basi jana Dalton akafunga. Nilikaa barazani nikitafuta kosa, sikulipata. Kikombe kimevaa tufe sawasawa, kifungo kimelala, pini yake ya kukizuia kisifunguke imeingia. Minyororo miwili imepishana chini ya shingo na kushikwa kwenye pikapu, waya wa breki, unaolisimamisha trela likichomoka, umefungwa peke yake. Akaacha miguu ya trela iguse ardhi kidogo, akafunga breki za trela, akaivuta pikapu mbele taratibu kujaribu. Halikuachia. Vizuri. Nikamwita ndani kwa kahawa na kolache, ile mikate mitamu ya plamu. Alikula nne. Nikasema naenda kuwapa paka maziwa.

Nikachomoa pini nikaitia mfuko wa aproni. Mnyororo mmoja nikauachia. Nikarudi nikammiminia kikombe cha pili.

Akanishukuru, akanibusu shavuni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye pikapu, akawasha! Hakugeuza hata shingo. Nikasimama mbele ya taa zake.

"Bibi, nini tena?"

"Zima."

"Nimefunga kila kitu, umeniona mwenyewe!"

"Nilikuona kabla hujala. Baada ya kolache nne, nani ameona?" Nikamtolea pini mfukoni.

Akawa mweupe, kisha mwekundu. "Huo mchezo ni hatari, Bibi!"

"Hatari ni wewe. Hapa nimesimama mimi mbele yako. Kwenye mteremko atasimama nani, Hattie?"

Aliingia ndani akaubamiza mlango, na siku hiyo hakuondoka tena. Nyama ya jioni aliila lakini.

Leo asubuhi kafunga tena, kaja kula mayai. Mimi sikutoka kwenye kiti changu hata mara moja. Sikugusa kitu. Akatoka akazunguka, mnyororo, mnyororo, waya, kifungo, pini. Akazunguka tena. Akarudi mlangoni.

"Umechomoa nini?"

"Sijachomoa kitu."

"Sikuamini."

Akaenda akalala chali kwenye umande na shati lake safi, akatazama kutokea chini. Corinne, alinikodolea macho kana kwamba mimi ni mwizi wa kuku. Ndipo nikampenda, kwa mara ya kwanza tangu arusi yenu. Nikamfungulia geti.

Atalala kwa kaka yake Casper hadi Ijumaa, Jumamosi atakuwa kwako. Ndani ya bahasha hii kuna ile pini. Milo kampa nyingine mpya. Ishike, uijue. Siku ya kuondoka kwenda milimani, akiwa na kikombe mkononi, nenda uichomoe ya kwake uitie mfukoni. Hattie usimfunge kwenye kiti. Dalton akija kuuliza, mpe, mpande wote. Akiwasha gari bila kuuliza, usipande. Njoo na mtoto kwa basi, kitanda chako nimeshakitandika.

Nisalimie mama mkwe wako Roberta, mwambie sijaisahau sufuria yangu. Mbusu Hattie pande zote mbili. Mungu awatangulie barabarani, na nyinyi mkague nyuma.

Ni mimi nikupendaye hata nikikufokea,
Bibi yako Verdella Hruska

Nyongeza: hata sijafunga bahasha, Dalton kapiga simu kutoka kituo cha mafuta. Ameshazunguka mara mbili hajaona kitu, anauliza kwa mara ya mwisho nimechomoa nini. Nimemwambia, "Nenda kazunguke," nikakata simu.