Wanataka Mjukuu Wangu Avuliwe Jina la Ndugu Yangu

Mshauri wa gazeti,

Mimi nina miaka themanini na kitu, kitu chenyewe hakuna anayekijua kwa sababu aliyeniandikia kipande cha utambulisho alikadiria kwa kuangalia meno, na nimewazika wake wawili na machifu wanne na daktari aliyesema sitafika Krismasi, nimepita ndui, nimepita nzige, nimebeba mizigo ya vita vya Wajerumani nikarudi na miguu yote miwili, kwa hiyo usifikiri anayekuandikia ni mtu wa kutetemeka. Naandika kwa mkono wangu. Kusoma nilifundishwa na Wasabato, nikaacha katikati kwa sababu walitaka niache tumbaku, lakini herufi nilizotoka nazo zinanitosha, na hapa Kebirigo hakuna mzee wa rika langu anayeweza kuandika hata jina la ng'ombe wake. Naomba unisaidie, ingawa kuomba sijazoea.

Nilikuwa na ndugu, tumbo moja, jina lake Nyamweya. Alikuwa tumboni mwaka ule askari wa Wazungu walipochoma nyumba zetu, mama akakaa msituni akila mizizi, akamzaa huko huko, mtoto mdogo kama kifaranga. Akakua mtu mzuri, mpole, akipiga obokano, kinanda chetu cha nyuzi, mpaka wazee wanafuta macho. Lakini kulikuwa na miezi alikuwa anaondoka akiwa amekaa palepale, macho yako hapa, mtu hayuko. Halafu, tayari ana mke na watoto, akajiua. Kabla yake shangazi yetu naye alikwenda hivyo hivyo. Mambo hayo huku kwetu hayasemwi. Nyumba yake ikabomolewa, na wazee wakasema jina hilo asipewe mtoto tena. Mimi nikasema siogopi jina. Mwanangu alipopata mtoto wa kiume nikampa hilo hilo, Nyamweya. Wazee wakanuna, nikawaambia nuneni.

Sasa huyu mjukuu ana miaka kumi na tisa, na hapo mshauri ndipo mambo yananiwia kama ndoto. Mchana nikisinzia kwenye jua, ukungu unapanda kutoka kwa mashamba ya chai upande wa Itumbe, namwona ndugu yangu anakuja katikati ya chai, majani hayatikisiki, shati halilowi, obokano anayo kwapani lakini nyuzi hazina sauti, anasimama kunitazama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Namwambia karibu, na maneno yangu yanaenda polepole kama moshi, hayamfikii. Nikifungua macho, mjukuu ndiye amesimama palepale. Kiganja ameweka sikioni vile vile alivyokuwa akiweka ndugu yangu. Kichwa amekilaza upande ule ule. Nani alimfundisha? Amezaliwa ndugu yangu akiwa amekwisha kuwa udongo. Siku nyingine nakaa hapo nikiwatazama wote wawili, sijui nimeamka ama bado.

Tangu mvua ianze hachumi chai, chakula anakigusa tu, anakaa kati ya michai mpaka shati linamgandia mgongoni. Koti lake la mtumba wa soko la Daraja Mbili, alilokuwa akilipenda kama mke, amempa kijana wa jirani. Mama yake, Bonareri, akamwuliza baridi ikija utavaa nini? Akajibu kwa upole, "Mama, usijisumbue. Karibu mtapata kupumzika, sitawasumbua tena."

Huyo Bonareri ni mkwe wangu na ana heshima, hasogei karibu nami. Alikuja na Abner, mzee wa kanisa, akabaki nje, akaongea huku uso ameuelekeza kwa ukuta. "Tata," ndivyo anavyoniita, baba, "hilo jina linamla mwanangu. Mvue."

Abner naye akadakia, "Tumpe jina lingine, mzee, la Biblia. Tumwombee, yaishe."

"Wewe Abner uliyekuwa unaniibia miwa ukiwa uchi, leo unanifundisha majina?"

"Na miwa yenyewe haikuwa tamu, mzee," akasema, tukacheka.

Bonareri hakucheka. "Cheka tu, Abner," akasema. "Mtoto wako anakula."

Kuna mwalimu hapa anasema si jina, ni damu. Kama ni damu, mbona mimi niko? Damu ni ile ile, maziwa tulinyonya ni yale yale. Hospitali siwezi kumpeleka, watampeleka Mathari, kwa vichaa huko Nairobi, watu waseme ukoo wa Makori ni wa wazimu, na wasichana wetu nani atawaoa? Basi niambie, nimvue jina au nikatae? Mimi naona nikatae, lakini nataka na wewe ukubali.

Kwamba haya ni kweli, atakuambia Abner, na atakuambia Mong'ina, mjane wa ndugu yangu, yuko hai ng'ambo ya mto. Yeye atasema mimi ni mwongo kwa kila jambo isipokuwa hili.

Makori, Kebirigo

JIBU

Mzee Makori,

Jibu hili nililituma Kebirigo kwa dereva wa gari la magazeti siku ile ile barua yako iliponifikia, maana jambo lako haliwezi kungoja mtambo wa kuchapa gazeti. Nalichapa hapa kwa ajili ya wale wenye jambo kama lako ambao hawajaandika.

Jina liache. Halimli mtu. Umeng'ang'ana na jina huku hatari yenyewe imekaa kwenye michai. Kijana anayegawa koti analolipenda na kumwambia mama yake kwamba hatawasumbua tena, huyo anaaga. Bonareri amelisikia hilo. Wewe umeliandika kwa mkono wako, kisha ukaniuliza habari ya jina!

Mwalimu wenu amepata nusu. Nimekwenda kumwuliza daktari wa magonjwa ya akili. Anasema ndiyo, ugonjwa huu hupita katika jamaa, na mtoto anaweza kuurithi hata kwa mtu asiyemwona. Lakini kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua, siyo kifo. Mmoja huugua, mwingine wa tumbo lile lile hufika themanini na kitu akigombana na kanisa zima. Nilipomtajia mama yako aliyeshinda na njaa msituni, akasema pengine dhiki ya mzazi humwachia mtoto alama, ila namna inavyopita bado wanaitafuta. Sitajifanya najua kuliko yeye. Jambo alilosema bila kusita ni kwamba ugonjwa huu unatibika, na wengi hupona.

Ndugu yako hakuwa mwoga wala hakulaaniwa, alikuwa mgonjwa, na wakati ule hakukuwa na wa kumtibu. Pole sana kwake, na pole kwa miaka yote uliyomkumbuka bila ruhusa ya kumtaja. Lakini wewe, mzee wangu, unajisifu kwamba huogopi, kumbe majirani wanakutisha kuliko vita vya Wajerumani. Unawahesabia wasichana wachumba, na kijana anakuondokea machoni.

Basi sikiliza. Leo asiachwe peke yake, mchana wala usiku. Gawaneni zamu wewe, Bonareri na Abner. Dawa ya kupe na dawa zote za shamba zitoke nyumbani, Abner akazifungie kwake. Mwite Mong'ina avuke mto. Alimwona mumewe akiondoka kidogo kidogo, naye anajua maneno ambayo ninyi mmekataa kuyasikia. Kesho asubuhi mpelekeni hospitali ya Kisii, na wewe uwe ndani ya gari, ukamweleze daktari habari za shangazi na za ndugu bila kuficha hata moja. Kuugua si lazima kupelekwa Mathari, na hata akipelekwa, watu hurudi.

Kabla ya hayo yote, mwulize kwa kinywa chako, "Nyamweya, unafikiria kufa?" Swali hilo halimpi wazo, linampa mahali pa kuliweka. Akijibu, usimkemee, usimhubirie, usimsimulie vita. Mshike mkono.

Na kama umeketi kwenye jua unasoma haya, naye yuko kati ya michai, umesoma ya kutosha. Inuka, uende.