Koti la Kukamulia

Dada yangu mpenzi,

Sabuni ulizonitumia zimefika, asante. Tangu tuhame mjini nimezoea mengi huku kijijini, hata vyura bafuni. Ila nimeletewa mke mwenza, dada, na ana miguu minne! Shemeji yako anaamka alfajiri kumkanda ng'ombe wake kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Mimi hata habari za asubuhi sipati.

Juzi alisafiri, ng'ombe akanigomea, hatoi hata tone. Nikavaa koti la shemeji yako, nikambembeleza kama anavyombembeleza yeye: "Malkia wangu, tulia." Maziwa yakamiminika. Nikalia palepale kwenye ndoo, kwa sababu mjini Malkia nilikuwa mimi.

Wasalimie watoto.

Ni mimi mdogo wako, ninayeitwa "Wewe" siku hizi.