Adobo ya Kimbunga

Dada Ludivina mpendwa,

Kimbunga kimepita na sote tu wazima, kwa hiyo vuta pumzi kwanza, ndipo usome.

Kisiwa kizima kimevimbiwa. Mawingu yalipotanda tulifanya kama kawaida yetu: kila nyumba ikatoa nyama na samaki wote kwenye friza, ikapika adobo, ule mchuzi wetu wa siki nyingi usioharibika upesi, kabla umeme haujakatika. Tulisahau kabisa yale matangi mapya ya pale shuleni, yenye maji ya chuma yanayotunza umeme wa jua kwa siku kadhaa; safari hii umeme haukukatika hata mara moja. Jirani yetu Terencio, aliyekuwa akiyacheka ("Maji ya kutu hayo, labda muoshee masufuria!"), ndiye aliyeimba karaoke mvua ikinyesha, hadi mkewe akamfokea: "Zima hiyo, mzee! Mama Ludi anapumulia umeme huohuo!" Akazima palepale, akatuletea sufuria ya adobo, kana kwamba yetu haitoshi.

Siku ya pili, jua halijaonekana bado, nilikaa nimeushika mkono wa Mama. Unajua kwa nini. Ilikuwa siku ya pili pia, katika kimbunga kile kingine, umeme ulipokatika na mashine ya oksijeni ikamzimikia Baba. Nikasubiri. Mashine ya Mama ikaendelea kunguruma, na kesho yake pia, mpaka mawingu yakaachia. Sijawahi kushukuru kelele namna ile.

Mama akafumbua macho, akanikuta nalia.

"Unalia nini, we mtoto? Nenda kale adobo, itaharibika."

"Haiharibiki, Mama," nikamwambia. "Friza bado inagandisha."

Mdogo wako aliyeshiba,
Perlita