Dokta Tuliyemwacha Asingiziwe

Mwaka umetimia, Dokta, tangu asubuhi ile ulipoanguka kwenye korido ya kliniki yako kabla hujavaa hata koti jeupe. Kiharusi, tuliambiwa. Ulifikishwa hospitali ukiwa umeshaondoka.

Nyumbani wote tulikuita Dokta. Mama yako mzazi ndiye aliyeanza, tena kwa kejeli kidogo, maana alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba mwanawe atakuwa daktari wa watu. Ukawa daktari wa wanyama, ukamletea harufu ya mbwa na dawa ya kuosha meza. Alipozoea, akawa yeye ndiye wa kwanza kukupigia simu jogoo wake akichechemea.

Tunakumbuka ulivyopasha mikono kabla ya kumgusa mnyama. Mbwa mzee ulimwamkia kwanza, "Shikamoo mzee," ndipo ukaanza kupapasa, macho umefumba. Mwenye mbwa akisema hayo ni mafuta tu, ulimkatiza kwa upole: "Mafuta tutaambiwa na maabara. Vidole vyangu vinasema uvimbe." Ulikuwa na kadi zenye mchoro wa mnyama, na kila uvimbe ulioukuta uliuwekea alama mahali pake na kuandika ukubwa wake. Na hukukata uvimbe peke yake. Ulikata pamoja na nyama nzima inayouzunguka, ili kisibaki kitu cha kuota tena. Watu walilalamika kwamba kovu ni refu. "Kovu haliui," uliwajibu, na kesho yake uliwapigia wewe kabla hawajakupigia.

Mara moja tu ulikata kidogo. Ulimkatia mdogo wako, yule msusi.

Paka wake aliitwa Mkaguzi, kwa sababu alipita chumba hadi chumba kila jioni kama ametumwa na serikali. Uvimbe ulimtoka juu ya goti la nyuma, mgumu, mdogo kama punje ya hindi. Ulichukua kipande, ukapeleka maabara, ukapata jibu, ukamwita mdogo wako.

"Mguu utoke wote," ulimwambia.

"Dada, umkate mguu Mkaguzi? Aruke ruka kama chura?"

"Atatembea na mitatu. Baada ya wiki mbili atasahau kwamba alikuwa na minne. Wewe ndiye hutasahau."

"Toa uvimbe tu. Si wewe fundi wa kukata? Au ufundi wako ni kwa watu baki?"

"Ungekuwa mtu baki ningekukatalia," ulisema. Kisha ukachukua fomu ya ridhaa ukaandika kwamba mwenye paka amekataa mguu ukatwe, mdogo wako akatia sahihi, nawe ukawasha mashine ya kunyolea manyoya.

Maabara ilijibu kwamba kingo za nyama uliyotoa bado zina saratani. Ulimpigia siku hiyo hiyo. Ulimwambia arudi, mguu ukitoka sasa kuna nafasi. Alikucheka. Paka anapanda kabati, alisema, paka mzima kabisa, dada una hamu ya kukata. Mwezi wa nne baada ya upasuaji uvimbe ulirudi mkubwa kuliko wa kwanza, na picha ya kifua ikaonesha umefika mapafuni. Ulimlaza Mkaguzi usingizi wa mwisho kwa sindano, mdogo wako akiwa amemshika kichwa.

Alipotoka chumbani kulikuwa na watu watatu kwenye benchi, kila mmoja na mnyama wake. Alisimama mbele yao. "Huyu ni dada yangu tumbo moja, na paka wangu kamuua kwa kisu chake. Nyinyi ingieni tu."

Kisha akarudi saluni. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kiliondoka kimesukwa na kimejazwa. Hakutaja mguu, wala simu yako. Benchi lako likabaki na watu wawili, halafu mmoja, na kuna siku ulichemsha visu ambavyo havikuwa vimegusa kitu tangu jana yake.

Mume wako alikuambia utoe ile fomu. "Niitoe nimwoneshe nani, kwamba mdogo wangu ni mwongo? Na hiyo fomu inasema alikataa. Haisemi kwamba mimi ndiye niliyekubali." Hukulizungumza tena. Nasi wengine, tulioijua kweli yote tangu siku ya kwanza, tulinyamaza ili nyumba isipasuke. Miezi saba wewe na mdogo wako mkawa mnasalimiana kupitia kwa mama.

Siku ya maziko walikuja wengi, hata waliohamishia wanyama wao kwingine. Walikusifia mikono yako na walilia vizuri sana. Mdogo wako alikaa nyuma, akimtazama kila aliyesimama kusema.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alikaa kwenye kiti chake kusukwa. Akaanza kusimulia kwamba mbwa wake ana uvimbe kwenye chuchu. Ulianza kama harage, zaidi ya mwaka sasa, leo ni kama chungwa. "Ningempeleka mapema, shoga, ila pa karibu palikuwa kwa yule marehemu, daktari mlevi aliyemuua paka wa dada yake."

"Mlevi?" mdogo wako aliuliza.

"Ndivyo tunavyosikia. Alikuwa anakata mkono unatetemeka."

Mdogo wako aliweka kitana mezani. Ulevi hakuusema yeye. Uliongezwa njiani na vinywa vingine. Alisimama nyuma ya kiti akiutazama uso wa yule mama kwenye kioo.

"Hakuwa mlevi," alisema. "Na mwenye paka ni mimi. Alitaka kumkata mguu apone, nikakataa. Halafu nikasema uongo, hapa hapa, kwenye kiti hiki."

Yule mama aligeuka na nywele nusu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Sasa mbwa wangu?"

Walimpeleka kliniki nyingine mchana huo huo, wote wawili, kichwa cha yule mama kimesukwa upande mmoja na kufungwa kitambaa. Daktari wa huko alipapasa, akasikiliza kifua, akapiga picha. Uvimbe ulikuwa umeshaingia mapafuni. Akauliza kwa nini mbwa ameletwa sasa. Mdogo wako ndiye aliyejibu.

Kwa hiyo, Dokta, tunayaandika haya hapa ambapo kila mtu atayasoma, kwa ridhaa yake na kwa maneno yake. Ulisema mguu ukatwe. Ulisema mara mbili. Kosa lako ni moja, ulimpenda mdogo wako ukamsikiliza. Mengine yote yaliyosemwa juu yako ni uongo, na sisi tuliokaa kimya tuliusaidia ukue.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye sasa hana kejeli, mume wako, aliyeitunza ile fomu, wanao wawili, shemeji zako, na mdogo wako msusi, aliyeomba atajwe mwisho.

Tutakukumbuka siku zote, Dokta, hata zile ambazo tungependa kupumzika.