Msikiti Wetu Juu ya Cherehani

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima hapa Morogoro, ila mvua ya milima ya Uluguru haikatiki, na upepo wake hauna chumvi hata kidogo.

Usishtuke ukiigeuza kadi hii. Ndiyo, ni msikiti wetu mkongwe wa Kilwa Kisiwani. Juzi nilikuwa nashona barazani kwa Mhindi mwenye duka, akaja Mjerumani kununua kadi. Akazipanga juu ya cherehani yangu: piramidi za Misri, nguzo za Ugiriki, halafu kuba zetu. Mguu ukasahau kukanyaga.

Akaniambia, "Haya ndiyo majengo makubwa ya dunia. Wenyewe wamekwisha, hakuna mtu tena."

Nikamwambia, "Bwana, pale mama yangu hufagia kila Alhamisi, na maji ya kupikia huyateka kwenye kisima cha pale pale."

Akacheka, akidhani namtania.

Tangu siku hiyo moyo hautulii. Tangu utotoni niliyaona magofu yale kuwa mawe ya kuchezea kujificha tu. Kumbe watu wanavuka bahari kuja kuyatazama, na mimi niliyezaliwa pembeni yake niko huku nawashonea suruali.

Kadi niliinunua niibandike ukutani, lakini picha haina mtu hata mmoja, nikaona kama nimebandika kaburi. Mwambie Shemeji anayekusomea akuchore kwenye picha, hapo mlangoni pa msikiti, na ufagio wako mkononi. Kisha mnirudishie, nilale nikikutazama.

Mwanao,
Athumani