Fahali wa Papa Bado Amefungwa Kando

Bihambwe, tarehe 9 Oktoba 2022

Mpendwa ndugu yangu Valens,

Amani ya Bwana ikukute huko Lubumbashi, wewe, mke wako Elodie na watoto. Je, kifua kimepona? Mkono wangu umeanza kuinuka, na Mama anakula kidogo. Nakuomba uwasomee barua hii jamaa wote wanaokusanyika kwako, kwa maana si maneno ya simu.

Nimesikia kwamba unajiita muuaji wa Papa, baba yetu, kwa kuwa wewe ndiwe uliyemsihi aende Walikale kwa ndege, kumwona mtoto wa dada yetu Umurerwa, asipite barabara yenye wenye bunduki. Mimi niliketi ubavuni pake. Sikilizeni niliyoyaona.

Tulipoondoka Goma hewa ilikuwa shwari. Papa alitazama chini, akaniambia kwamba ng'ombe wa watu wote ni wadogo, isipokuwa wake.

Karibu na Walikale mvua ilikuwa inakuja. Upepo ulivuma kwa vishindo, ukanyamaza, ukarudi kutoka upande mwingine. Rubani aliishusha ndege, akaona hali, akaipandisha tena. Mara ya pili gurudumu moja liligusa ardhi. Upepo ukainua bawa, ndege ikateleza hadi mtaroni. Sisi wengine tulitoka na majeraha. Papa aliumia ndani.

Tulimlaza kwenye majani. Aliniambia: "Béata, muambie Valens alichaguaka muzuri. Ni upepo njo haina adabu."

Kisha akauliza mjukuu wake ana macho ya nani. Nilimjibu kwamba ni yake, ingawa sikuwa nimemwona. Umurerwa alipofika na mtoto mgongoni, Papa alikuwa ametutoka. Macho ni ya Mama.

Tulimzika bila wewe. Ilipofika siku ya kuondoa matanga, Mama alikataa. Unaijua desturi: mwenye zizi akifa, fahali hutengwa na majike hadi matanga yaondolewe. Wa Papa bado amefungwa kando, analia, na majirani wanatutania kwamba mwakani tutakunywa maji badala ya maziwa. Mama huwajibu kwamba mwenye kumfungua yuko Lubumbashi.

Jana nilimwuliza uje kwa njia gani. Hakuinua uso. "Kwa ndege," alisema.

Viateur na Mukashema wanakusalimu. Utusalimie shangazi Olga. Mungu aliyempokea baba yetu akufungulie njia.

Mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,

Béata